Siku Nilipoombewa Nikiwa Juu ya Paa

Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa kwaya: yule mgonjwa wa hapa mtaani Gatina aliyesikika kanisani ni mimi, na aibu yake haijaniisha.

Mimi ni fundi wa redio, na mimi na rafiki yangu Otis wa Kisumu Ndogo, kule Kibera, tulikuwa tumejipatia redio za CB, zile za kuongelea za madereva wa malori, lakini nikimwita nilikuwa nasikia mikwaruzo tu, maana siku za kazi mafundi wa kuchomelea mageti huku kwetu wanajaza hewa kelele, kwa hivyo siku ya kurekebisha ni Jumapili, hakuna nyingine. Shida ni kwamba Jumapili hiyo mamake Mwende (Mwende ndiye nataka kuoa) alikuwa ametoka Machakos kuja kuniona kanisani, kabla akubali nipeleke wazee kwao kuposa. Nikamwambia Mwende naumwa na tumbo, tutaonana jioni. Kauongo kadogo tu, jameni.

Nikapanda juu ya paa la ploti ninayopanga chumba, kanisa likiwa hapo chini tu, nikakata ncha ya antena kidogo ili ishike vizuri, nikaita, nikakata tena, mpaka Otis akasikika vizuri. Mtu mwenye akili angeshuka hapo. Mimi nikafungua redio nikazungusha ile skurubu ya ndani ya kuongeza nguvu, ambayo haifai kuguswa bila kipimo (kipimo sina), nikaizungusha mpaka ikagoma.

"Wee, sasa unaingia fiti!" Otis akasema. "Na si leo ulikuwa unameet mathe ya Mwende?"

"Nimewatolea story ya tumbo, bro. Huyo mathe nasikia akianza kuomba, chapo zinaweza pikwa, ziliwe, na vyombo zioshwe!"

Kinanda cha kanisa kikanyamaza ghafla.

Kwa ile nguvu niliyoongeza, spika zao zilikuwa zimenidaka mimi peke yangu. Otis, mchokozi mwenyewe, hakusikika hata kidogo. Na aliyekuwa ameshika maiki, macho amefumba, akiliombea tumbo langu, alikuwa mamake Mwende. Pasta, maskini, akadhani ni pepo, akapaza sauti: "Shindwa!" Nami kidole bado kiko kwa kitufe cha kuongelea, nikauliza, "Nani huyo anapiga kelele?" Kanisa zima likaangua kicheko.

Mwende akatoka nje, akatazama juu, akaniona nimekumbatia antena. Akaninyooshea kidole, halafu akaonyesha ngazi.

Nikashuka. Mamake akanipa mkono pale mlangoni mwa kanisa, mpole kabisa.

"Tumbo linaendelea aje, kijana wangu?"

"Haliumi, Mama. Nilidanganya. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini hiyo mambo ya kuleta wazee, hakuna haraka. Upone kwanza."

Ningetukanwa ningeumia kidogo kuliko hivyo. Ile skurubu nimeirudisha na kuipaka gundi, sitaigusa tena, na kujisingizia ugonjwa nimekoma. Siku hizi kila Jumapili nakaa mstari wa mbele, kanisa lote likinichungulia, na hata nikipaliwa na mate sithubutu kukohoa.