Mkulima Aliyenunua Mahindi

Wifi yangu tulimbandika jina la Chapuchapu mwaka uleule alioolewa na kaka yangu. Hakuwahi kumaliza kazi pamoja na wenzake. Watu wakiwa katikati ya mstari, yeye yuko mwisho, ameegemea mpini wa jembe, anawacheka. Jina likamganda. Hata mama yangu, ambaye ni mama mkwe wake na anaishi nao, humwita hivyo akiwa na furaha. Akiwa na hasira humwita "mke wa mwanangu". Mimi ndiye wifi mtu, nyumba yangu imepakana na yao. Kazi ya wifi ni kukosoa, na kazi hiyo naifanya kwa moyo wote bila kulipwa.

Mtu mwepesi kiasi hicho ungedhani shamba lake ndilo linalotangulia kupandwa. Thubutu! Lilikuwa la mwisho kila mwaka. Mvua za kwanza zilipogonga, ndani kwake hakukuwa na hata punje, mavuno yaliyopita yameshaliwa zamani. Asubuhi hiyo hiyo, barabarani, linapita trekta la mzee mmoja mwenye mashamba makubwa, tunayemwita Mzee wa Trekta. Linavuta tela, linapiga honi, linazoa watu wa kwenda kupanda kwake. Malipo ni ndoo ya mahindi, unaondoka nayo jioni. Ukiwa na watoto wanaongoja uji, utakataa kwa mdomo gani?

Basi Chapuchapu na kaka walikuwa wanaingia kwenye tela na majembe yao, wanapanda mashamba ya mzee mpaka yaishe. Ndipo wanageukia lao, wakati maji mazuri ya mwanzo yameshapotea ardhini. Mahindi yanaota kwa kubembelezwa. Wanavuna magunzi yenye mapengo kama mdomo wa mama yangu, Mungu anisamehe. Mavuno hayo yanaisha upesi, mvua inarudi, ndani ni patupu, honi inalia tena. Na Mzee wa Trekta si mtu mbaya, niseme ukweli. Analipa, hapunji, na ukifiwa anakuja kukupa pole. Angekuwa mbaya tungekuwa na wa kumsema, roho ikatulia.

Wanawake wengine ukiwauliza wanataka nini watakutajia cherehani, kitenge, mbuzi. Chapuchapu alitaka kitu kimoja tu, kupanda shamba lake mvua ya kwanza. Alikisema mara nyingi mpaka tukawa hatusikii tena.

Kisha zikaja zile hela. Shirika moja lilipita nyumba kwa nyumba, na kwetu alikuja msichana mwenye buti za mvua na simu kubwa ya kuandikia. Akasema kila kaya itaingiziwa hela kwenye simu, hela ya maana, na hakuna masharti yoyote. Makubwa hayo! Wengine walisema tutanyang'anywa ardhi, wengine wakasema figo. Mama alimuuliza kama baada ya hapo atatakiwa kubadili dini. Chapuchapu yeye aliuliza lake, huku ameshika kiuno.

"Nikizila zote je?"

"Utakuwa umekula, mama."

"Hamtarudi kunidai?"

"Tutarudi kukuuliza mambo yamekwendaje. Kudai, hapana."

"Na nikinunua kitu cha kijinga?"

Msichana alicheka. "Mama, wewe ndiye unayeijua nyumba yako. Mimi nitajuaje?"

Hela ziliingia kweli. Simu ya kaka ililia akiwa chooni, akatoka mbio amesahau kufunga mkanda, na mpaka leo hatujamsamehe kwa jinsi alivyokimbia. Mimi nilipata pia, maana ni mjane na kaya yangu ni kaya kama nyingine. Sikumwuliza mtu. Nilinunua bati. Nilikuwa nimechoka kusogeza kitanda kila wingu linapokohoa.

Nyumbani kwa kaka waliitisha kikao sebuleni, juu ya mkeka, na mimi nikajialika. Mama alitaka godoro. Kaka alitaka ndama dume wa kunenepesha. Mimi nikapigia debe bati, ili nyumba zifanane. Chapuchapu alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Tulipochoka kusema, akaweka ungo chini.

"Nanunua mahindi."

Kaka akatabasamu. "Ya mbegu?"

"Ya mbegu, na mbolea. Na ya kula. Magunia ya kutufikisha kwenye mavuno."

Nilidhani masikio yangu yana kasoro. "Wifi! Mkulima anapewa hela anakwenda kununua mahindi? Watu watatucheka mpaka mbavu ziwaume."

"Waache wacheke, mbavu ni zao."

"Yaani hela yote hiyo iishie tumboni?"

"Wifi, nisikilize. Ni nini kinachonipeleka kwenye lile tela? Si njaa? Sasa siku ya mvua ya kwanza nikiwa na chakula ndani, nani atanitoa shambani kwangu?"

Kaka alikuna kichwa. Ni mtu mpole, kaka yangu, hupenda ugomvi uishe kabla haujaanza. "Na mvua ikitukatalia?" aliuliza.

"Basi tutakuwa tumekula."

Mama alipata godoro lake kwa hela iliyobaki, maana Chapuchapu ni jeuri lakini si mjinga. Magunia yalipangwa chumbani kwao mpaka kaka akawa analala miguu imegusa mahindi. Mashineni, tulipopanga foleni ya kusaga, watu walisema wazi kwamba wale wamezifakamia hela na hawana la kuonyesha. Chapuchapu alitia pamba masikioni, akasaga unga wake, akajitwisha, akaondoka.

Mimi lakini niko jirani, na ukuta wao hauzuii sauti. Zamani, msimu wa kupanda ulipokaribia, kaka na mkewe waligombana kila jioni juu ya chumvi iliyozidi au mlango uliobamizwa, na ugomvi haukuwa wa chumvi wala wa mlango. Mwaka ule sikusikia kitu. Watoto walikunywa uji kabla ya kwenda shule. Binti yao mkubwa, ambaye msimu wa kupanda huachishwa masomo ili alee wadogo zake wazazi wakiwa kibaruani, alibaki darasani. Nilikuwa nasimama uani kwangu naanika nguo, nasikia wanacheka kule ndani, na kusema kweli wivu ulinikata maini.

Wakaanza kuandaa shamba jua likiwa bado kali. Walichimba mistari, wakabeba samadi kwa karai kutoka zizi la jirani, wakaimwaga shimo kwa shimo. Kaka mgongo ulimuuma akaunyoosha, akainama tena. Mbingu zilipofunguka ardhi ilikuwa tayari.

Asubuhi ile mimi nilikuwa ndani ya tela. Bati langu lilikuwa zuri lakini halipikiki. Trekta lilisimama mbele ya nyumba ya kaka, honi ikalia, hakutoka mtu. Ikalia tena. Mzee wa Trekta akashuka mwenyewe, viatu vikizama kwenye tope, na Chapuchapu akatokea ubavuni mwa nyumba na jembe begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Vipi leo, unaumwa?"

"Mzima kabisa, mzee. Leo niko kwangu."

Mzee alimtazama kama hakuelewa. "Nitakupa ndoo mbili. Wewe na mumeo, kila mmoja mbili."

Kwenye tela watu waliguna. Kaka alikuwa amesimama mlangoni na macho yake yalikwenda kwa mzee yakarudi kwa mkewe. "Mama watoto," alisema taratibu, "si twende leo tu? Kwetu tutaanza kesho."

"Kesho hiyo naijua. Wewe ukitaka, nenda. Mimi nabaki."

Mzee hakukasirika, na ingekuwa nafuu angekasirika. "Sikulazimishi," alisema. "Ila nafasi yako nitampa mwingine, na akishaizoea sitamtoa. Shamba lako likikuangusha, mwakani usije mlangoni kwangu ukanilaumu."

Nilikuwa juu, nilimwona vizuri. Alilishusha jembe begani, akaliegemea kwa mikono yote miwili. Nafasi ile ndiyo iliyowalisha miaka yote. Akiiachia na shamba likakataa, magunia yakiisha hakuna pa kukimbilia.

"Sitakulaumu, mzee," alisema.

Kaka alitazama tela, akalitazama jembe la mkewe, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na jembe lake, na akapita nyuma ya nyumba kuelekea shambani. Trekta liliondoka. Nikiwa mbali nilimwona Chapuchapu ameshainama.

Walipanda shamba lote, watoto wakisaidia jioni wakitoka shule. Mahindi yakachipua yote, mistari imenyooka kama imepigwa rula. Halafu mvua ikakatika.

Jua lililofuata sitamani kulikumbuka. Majani yalianza kujikunja kuanzia mchana, baadaye yakawa yanaamka yamejikunja. Kwa mzee walikuwa na pampu na mto. Kila jioni nikirudi kibaruani na ndoo yangu ya mahindi nilipita pembeni ya shamba la kaka, na sikuweza kujizuia.

"Wifi, nilikuambia."

"Umeniambia. Sasa niletee maji ya kunywa, koo limekauka."

Hakukaa kushika tama. Alifunga kibwebwe, akakata nyasi kavu kandokando ya njia, akazibeba mzigo baada ya mzigo, akazitandaza kati ya mistari ili unyevu uliobaki usitoroke. Mama naye, na magoti yake mabovu, alikaa chini akawa anazipanga kwa mikono. Siku moja mchana nilimkuta Chapuchapu amechuchumaa katikati ya shamba, peke yake, anaongea na mahindi. "Msiniaibishe," aliyaambia. "Mnisikie. Msiniaibishe." Machozi yalikuwa yanamtiririka. Aliponiona alijifuta kwa kiwiko, akavuta mzigo mwingine wa nyasi. Siku hiyo sikumwambia kwamba nilimwambia.

Kaka alichoka kabla yake. Alimsihi waende kwa mzee wakaombe msamaha mapema, kabla nafasi hazijajaa kabisa. Nilisikia jibu la mkewe kupitia ukuta.

"Magunia yameisha?"

"Hayajaisha."

"Basi sitoki. Tulinunua chakula ili tuweze kungoja. Ngoja, baba watoto."

Akangoja kweli, na mvua ikarudi. Ilirudi ghafla mchana, matone makubwa yanayouma, na bati langu likapiga kelele mpaka sikusikia watoto wa kaka wanavyoshangilia uani. Mahindi ya majirani waliochelewa ndiyo kwanza yalikuwa yanatafuta pa kushika. Ya Chapuchapu yalikuwa na mizizi chini tayari. Yalinyanyuka kwa namna ambayo watu walianza kupitia njia ile bila sababu, wanasimama, wanajifanya wanafunga viatu.

Chumba hakikutosha mavuno. Kaka alijenga ghala la miti lenye miguu mirefu, akalizunguka akilitazama kila upande kama bwana harusi. Waliuza kiasi, wakalipa ada, wakanunua yule ndama. Yule msichana wa buti alirudi kuuliza mambo yamekwendaje. Chapuchapu alimshika mkono akampeleka ghalani, akamfungulia mlango.

Mimi? Bati langu silijutii, na anayetaka nijute atasubiri sana. Nalala pakavu. Lakini shamba langu lilikuwa nimelipanda kwa kuchelewa, baada ya mashamba ya mzee, na hadi mvua nyingine inakaribia nilikuwa nimebakiwa na kibaba cha unga. Niliwaza lile tela, mwili ukakataa. Nikaona afadhali aibu ya ndugu. Mvua ya kwanza ilipopiga, alfajiri, nikachukua jembe nikaenda kugonga kwa Chapuchapu.

"Wifi," nilisema, "nimekuja kibarua. Nipe mstari, utanilipa mahindi."

Alinitazama kuanzia usoni mpaka kwenye jembe. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote. Nimemsema mtu huyu miaka yote, na kama angeamua kunirudishia siku hiyo angekuwa na haki yake. Aliingia ndani. Nikasikia mlango wa ghala unafunguliwa upande wa pili. Alirudi na ndoo imejaa mpaka inamwagika, akaiweka miguuni pangu, kisha akaenda akarudi na nyingine.

"Kapande kwako," alisema.

"Na hizi?"

"Hizi ni za kula huku unapanda."

"Nitazilipaje, wifi?"

"Nani amekuambia ulipe? Ukimaliza la kwako, ukijisikia, njoo tupige soga. Lakini leo hufanyi kazi kwa mtu."

Nikaanza kulia palepale kwenye tope, kwa sauti, kama mtoto aliyepotea sokoni.

Chapuchapu alininyanyulia ndoo akanitwisha. "Lia huku unatembea, wifi," alisema. "Mvua hii si ya kuchezea."

Nikatembea. Nilizishusha ndoo nyumbani moja baada ya nyingine, nikafunga mlango, nikaenda shambani kwangu. Kwa mara ya kwanza tangu nifiwe na mume, nilichimba shimo la mbegu zangu mwenyewe wakati udongo bado ni mbichi, na honi ilipolia kule barabarani sikuinua kichwa.