Mawe ya Bustanini

Kazi yangu ilikuwa kufungua ukumbi, kufunga ukumbi, na katikati ya hapo kuhakikisha hakuna kilichovunjika. Ulikuwa ukumbi wa kanisa kule Hounslow, karibu na uwanja wa ndege kiasi kwamba mchungaji alizoea kunyamaza katikati ya sentensi, akangoja ndege ipite, kisha akaendelea pale pale alipoishia. Ulikodishwa kwa watu wa kila namna. Jumamosi harusi ya Wapunjabi, Jumapili mchana ibada ya Wakongo, Jumatano akina mama wa Kiingereza na mazoezi yao ya viungo. Na mara moja kwa mwaka, mwanzoni mwa Agosti, walikuja watu wa Visiwa vya Cook.

Kabla ya hapo sikuwa nimewahi kuvisikia visiwa hivyo. Viko huko Pasifiki, mbali hata ukishafika New Zealand. London watu wake walikuwa wachache, wengine walitoka miji mingine kwa treni, wakakusanyika kwetu kusherehekea siku nchi yao ilipoanza kujitawala. Asubuhi waliimba nyimbo za kanisa, wanawake kwa sauti za juu, wanaume wakinguruma chini yao kama injini ya lori. Baada ya hapo walivua viatu, wakavaa taji za maua, ya plastiki kwa waliokosa ya kweli, na ngoma ikaanza. Ngoma zenyewe ni magogo yaliyochongwa mwanya ubavuni, yanapigwa kwa fimbo. Mara ya kwanza nilipoyasikia nilikuwa nadeki choo, nikaacha fagio palepale.

Mpigaji mkuu alikuwa mtu mnene mwenye mikono kama makasia, mpakia mizigo kwenye uwanja wa ndege. Kwao mwanamume yeyote mwenye umri huitwa papa, na mwanamke mama, kwa hiyo yeye aliniita papa na mimi nikamwita papa, tukawa wababa wawili wasiojuana majina kwa muda mrefu. Nilimtania mwaka wa kwanza. Nilikuwa nimeambiwa kwamba wanajitawala lakini pasipoti zao ni za New Zealand.

"Uhuru gani huo wa nusu, papa?"

Alikuwa anakula. Akameza kwanza. "Nusu tuliyopewa tunaila yote. Ninyi mlipewa nzima. Mmeila?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Tangu siku hiyo tukawa marafiki. Mke wangu, ambaye alikuwa anafanya kazi ya kutunza wazee, alijiunga nao jikoni kila Agosti, akawapikia maandazi, wakampa taji la maua.

Mwishoni mwa miaka ya tisini papa akanijia na ombi. Chakula chao cha sikukuu hupikwa ardhini. Unachimba shimo, unapanga kuni, juu ya kuni unapanga mawe, unachoma mpaka mawe yaive. Kisha unatoa vijinga, unasawazisha mawe, unatandika majani ya mgomba, unaweka nyama na viazi na magimbi, unafunika kwa majani, magunia na udongo. Miaka yote pale London walikuwa wametumia jiko la gesi. Alisema wazee wao walikuwa wanakufa mmoja mmoja bila kuonja tena chakula cha shimo, na akauliza kama ua wa nyuma ya ukumbi unaweza kuchimbwa.

Nilikwenda kwa katibu wa kamati ya ukumbi, mama mmoja wa Kiingereza mwembamba aliyeogopa moto kuliko dhambi. Nilimwambia nitasimamia mwenyewe. Nilimwambia nimezaliwa kwenye moto wa namna hiyo, jambo ambalo lilikuwa kweli kiasi. Kwetu Tukuyu, chini ya mlima Rungwe, mama yangu alipika kwenye mafiga, na tulipokuwa shambani tulichoma ndizi kwa mawe ya moto. Jiwe uliliokota popote ulipolikuta, ukalitia motoni. Katibu akakubali, kwa neno langu.

Shimo tulichimba pamoja Ijumaa, papa na mimi. Mawe yake alikuwa ameyaleta kutoka kisiwani kwao, kila alipokwenda likizo, mawili au matatu ndani ya sanduku. Wenzake uwanjani walimcheka: mpakia mizigo anayejiongezea uzito. Yalikuwa meusi, yenye vitundu vidogo kama mkate. Nilipoyashika nilishtuka, maana yalikuwa kama mawe ya kwetu kabisa, ya mlima wa volkano. Lakini yalikuwa machache. Nilimwambia hivyo.

"Yanatosha," alisema. "Tutapika kidogo. Wazee watakula, sisi wengine tutanusa."

Kesho yake alikuwa na shifti ya alfajiri, kwa hiyo aliniachia kazi ya kupanga na kuwasha. Na mimi, asubuhi ile, nilipoyatazama mawe yale yamejikusanya katikati ya shimo kubwa, niliona haya kwa niaba yake. Kando ya njia ya kanisa kulikuwa na bustani ya waridi iliyozungushiwa mawe, makubwa, meusi ndani, yenye ngozi nyeupe kama chokaa. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Niliyang'oa kwenye matope, nikayafuta kwa gunia, nikayapanga juu ya kuni. Yake nikayaweka juu ya yale. Nilijiambia ni kwa sababu yake ni mazuri zaidi, yastahili kuonekana. Nilitaka aje akute shimo limejaa, chakula kiwatoshe wote. Nikawasha.

Alifika moto ukiwa umeshika, bado amevaa fulana ya kazi inayong'aa. Alitazama shimo, akanipiga begani. "Umepanga vizuri, papa. Yanaonekana mengi."

Angeniuliza ningemwambia. Hakuuliza. Mke wangu alituletea chai, tukasimama kando ya moshi, na katibu akatokea na mwavuli wake kukagua. Papa, kwa kumtuliza, akaanza kumweleza kwa nini alihangaika kubeba mawe kutoka ng'ambo ya dunia.

"Mawe ya hapa kwenu ni mabaya, mama," alisema. "Lile jeusi lenye ngozi nyeupe. Likipata moto linapasuka kama risasi. Likiwa na maji ndani ndiyo kabisa. Binamu yangu alijaribu mwaka mmoja, kipande kikatoboa mlango wa gari."

"Mungu wangu," alisema katibu. "Na haya?"

"Haya yamezaliwa motoni. Hayana neno. Muulize fundi wangu."

Wote wawili wakanigeukia. Kikombe kilikuwa mkononi mwangu.

"Salama kabisa," nilisema.

Nimepata miaka mingi ya kutafuta sababu ya maneno yale mawili. Niliogopa katibu angefuta sherehe pale pale, na watu wamekwisha kupanda treni kutoka Manchester. Niliogopa kuonekana mjinga mbele ya papa katika jambo nililojigamba kulijua. Sababu hizo zote zilikuwepo, lakini ile ya pili ilikuwa kubwa. Kule nyumbani watu waliita bunduki ya zamani bunduki ya gumegume, kwa ajili ya jiwe linalotoa cheche, ndilo hilohilo la bustanini. Neno nilikuwa nalo tangu utotoni. Jiwe lenyewe sikuwa nimewahi kuliona, na siku nilipoliona nikalipangia kuni.

Katibu akaondoka ameridhika. Papa akaingia ndani kuvua nguo za kazi. Nikabaki na shimo.

Nilijiambia: moto umewaka muda wote huo na hakuna kilichopasuka, basi labda hakitapasuka. Kisha nikaona watoto wanakimbizana kuzunguka ua na maua yao kichwani, nikawafokea waingie ndani. Mmoja akaniuliza kwa Kiingereza kwa nini. Nikamfokea zaidi. Nikaanza kusogeza viti, kisha meza, kisha baiskeli iliyoegemea ukuta, kila kitu mbali na shimo, kama mtu anayefanya usafi. Nilichukua koleo nikajaribu kuyavuta mawe ya chini, lakini joto lilinirudisha nyuma, na kila nilipochokoa, mawe ya papa yaliporomoka na kuyafunika yale yangu. Sasa yote yalikuwa na rangi moja, ya majivu.

Mke wangu alitoka na sinia la majani ya mgomba tuliyonunua Southall.

"Baba watoto, mbona unawafokea watoto wa watu? Na jasho hilo. Una malaria?"

Nikamwambia. Alisikiliza bila kuweka sinia chini.

"Na yeye hajui?"

"Hajui."

"Na ndiye atakayeinama hapo kutandika?"

Mle shimoni kitu kikalia, pa, kidogo tu, kama kijiti kinachovunjika. Papa alikuwa anatoka mlangoni wakati huohuo, amevaa shati la maua, akacheka kwa mbali. "Kuni mbichi hizo!"

"Nenda kamwambie," alisema mke wangu kwa sauti ya chini. "Sasa hivi. Waache wale mkate."

Ua ule haukuwa mkubwa. Lakini papa alikuwa karibu na shimo kuliko mimi, na alikuwa na furaha, anatembea haraka. Ndani ngoma zilikuwa zimeanza kujaribiwa, na ndege ilikuwa inashuka juu yetu. Nilimwita, hakusikia. Alishika koleo nililoliacha, akaanza kutoa vijinga. Akainama kusawazisha mawe.

"Papa, usiiname!" nilipiga kelele. "Nimechanganya mawe ya bustanini!"

Safari hii alisikia. Hakuruka nyuma. Aliinua kichwa, akanitazama juu ya moshi, kwanza kama mtu anayengoja utani umalizike, halafu akaelewa. "Yapi?" aliuliza, na akageuza uso kutazama chini ili ayaone.

Mlio haukuwa mkubwa. Watu waliokuwa ndani hawakuusikia, ngoma iliendelea. Papa alikaa chini kwenye nyasi, taratibu, mkono wa kushoto usoni, na damu ikapita kati ya vidole. Mke wangu alimfikia kabla yangu. Jiwe la pili likapasuka, na la tatu, vipande vikigonga ukuta, na sisi wawili tukamburuta kwa mabega mpaka nyuma ya mapipa ya taka. Alikuwa mzito. Alikuwa anaomba kwa lugha yake.

Hospitali walijaribu mpaka jioni. Jicho la kulia lilikuwa zima, la kushoto halikuokolewa. Mke wake alikaa kwenye korido na taji la maua bado kichwani, maana hakuna aliyethubutu kumwambia alivue. Nilimwambia mawe yalikuwa ya nani na nani aliyeyatia, na kwamba nilijua kabla, muda wa kikombe kizima cha chai. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Papa, nenda nyumbani," si kwa ukali, na hakunitazama tena siku ile.

Kwa kamati nilisema hayohayo. Katibu alilia. Waliniachisha kazi, na sikuwa na la kulalamika, lakini wakaamua pia kwamba watu wa visiwa hawatakodishiwa ukumbi tena, na hapo nililalamika sana, bila faida. Sherehe yao ilipoteza nyumba kwa sababu ya mtu ambaye hata hakuwa wao.

Papa hakurudi kupakia mizigo. Walimpa kazi ya dirishani, kupokea vitu vilivyosahaulika. Nilikwenda kumwona nyumbani kwake mara kadhaa. Tulizungumza mpira. Sikujua kama alikuwa amenisamehe, na sikuuliza, kwa sababu niliona kuuliza ni kumwomba mtu aliyeumia anifanyie kazi nyingine.

Agosti iliyofuata walipata ukumbi Lewisham, upande mwingine kabisa wa jiji. Chakula kilipikwa kwenye jiko la gesi. Mke wangu alialikwa, na mimi nikamsindikiza mpaka mlangoni, nikiwa na nia ya kumngoja nje. Papa akatuma mtu kuniita.

Alikuwa ameketi nyuma ya magogo yake mbele ya jukwaa, kiti kitupu kikiwa kushoto kwake.

"Kaa hapo," alisema. "Yule mama mwenye upepeo, kiongozi wa wachezaji, atasimama upande huu. Akiinua upepeo, mimi nabadilisha mdundo. Siku hizi simwoni. Na nikigeuza kichwa mkono unapoteza mdundo."

"Kwa nini mimi, papa? Hapa kuna vijana wenu wanaoijua ngoma."

"Vijana watatazama wasichana." Akachukua fimbo zake. "Jicho umelichukua wewe. Basi lifanye kazi. Akiinua, niguse goti."

Watu waliokuwa karibu walicheka, yeye hakucheka. Mke wake alikuwa safu ya pili, safari hii ananitazama.

Ngoma ikaanza. Wanawake wakaingia, nyonga zikienda upande mmoja na mikono upande mwingine, ukumbi mzima ukipiga miluzi, na mimi sikuona chochote ila upepeo ule mweupe uliosukwa kwa majani, ukining'inia kwenye mkono wa mama yule. Jasho liliniingia machoni, sikuthubutu kupepesa. Upepeo ukatikisika. Nikamgusa goti.

"Bado, papa," alisema bila kuacha kupiga. "Anajipepea tu. Ngoja auinue."

Nikangoja, kiganja changu kikiwa juu ya goti lake bila kuligusa.