Kupanga Safari za Boti za Matanga kutoka Waterloo

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti kilichokuwa kikiyumba na simu isiyoacha kulia. Ilikuwa ofisi ndogo ya wakala wa safari karibu na stesheni ya Rayners Lane, London, baina ya duka la sari na duka la mboga, na meneja wake alikuwa Mhindi mzaliwa wa Mwanza, mwenye Kiswahili kizuri kuliko cha wanangu. Mimi nilikuwa mgeni kutoka Unguja, nikidhani kazi ya kukata tiketi ni kukata tiketi. Meneja alinisikiliza nikizungumza na mteja wangu wa kwanza, akangoja niweke simu chini.

"Rukia," akasema, "mteja akikwambia tarehe yoyote inamfaa, usimwamini. Mpigie tena, umuulize harusi ni lini."

Nikampigia. Harusi ilikuwepo. Katika miaka yote niliyokaa pale, karibu kila safari ilikuwa na harusi au msiba ndani yake, na karibu kila mteja alikumbuka kuutaja baada ya tiketi kutoka.

Watu walipoanza kujinunulia tiketi wenyewe kwenye simu, ofisi ilifungwa. Nikapata kazi kwenye kampuni karibu na Waterloo iliyokuwa ikikodisha boti za matanga kwa watu wanaotaka kupumzika wiki moja katika visiwa vya Ugiriki. Mkuu wa idara alikuwa mwanamke wa Kiingereza aliyekulia kwenye boti, anayezungumza habari za upepo kama wengine tunavyozungumza habari za mashemeji. Aliponihoji akaniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia Zanzibar.

"Kwa hiyo bahari unaijua," akasema.

Nikamwambia bahari ninayoijua ni ile ya kuvuka kwenda Dar, nimeinamia mfuko wa plastiki. Akacheka, akadhani natania. Tangu hapo kila mteja aliambiwa, "Rukia ni mtu wa visiwani." Nilikanusha mpaka nikachoka.

Kazi yenyewe nawaeleza ninyi vijana, maana naona mnadhani ni kubonyeza kitufe. Kwanza unamuuliza mteja kama anataka boti tupu, yaani ataiendesha mwenyewe na ana cheti cha kuthibitisha, au boti yenye nahodha, au kitanda kimoja kwenye boti ya kuchangia na wageni wengine. Kisha unapanga vituo. Siku ya kwanza usiwapeleke mbali, kwa sababu watu wamechoka na ndege na bado wanagonga vichwa kwenye milango. Kila siku iwe mwendo wa saa chache tu, walale kwenye ghuba iliyojikinga na upepo au kwenye gati la kijiji. Tena acha siku moja isiyo na mpango, kwa ajili ya upepo mkali wa kiangazi, ule unaoshuka kutoka kaskazini mbingu zikiwa nyeupe pe. Ukivuma, boti haitoki, hata mteja awe nani.

Hayo ni mepesi. Kilichonichosha ni watu. Mtu anakwambia anataka kisiwa kitulivu kisicho na wageni, halafu anauliza kuna mikahawa mingapi. Mwingine anataka matanga, lakini boti isiinamie upande. Mwingine amekasirika kwa sababu choo cha boti kinasukumwa maji kwa pampu ya mkono, kana kwamba mimi ndiye niliyekitengeneza. Nilikuwa nikirudi nyumbani na treni ya Metropolitan Line, mume wangu akiniuliza tule nini, namjibu, "Tafadhali, leo usiniulize nitakacho."

Basi katikati ya hayo akaja Patrick, Mkenya, mhasibu wa Croydon. Yeye na dada yake Faith, ambaye ni nesi, walitaka kumpeleka mama yao visiwani wiki nzima kwa sababu alikuwa amestaafu. Mama yao, Mama Tabitha, alikuwa ametunza wazee katika nyumba ya wazee kule Tooting tangu watoto wake wakiwa shule ya msingi, na aliwalea peke yake. Nikalifurahia lile wazo. Furaha yangu haikudumu.

Patrick alitaka boti kubwa na mwendo mrefu kila siku, ili wasije wakasema wamekaa tu. Nikapanga. Faith akapiga simu: kila kituo kiwe karibu na hospitali, mama ana presha. Nikapangua. Patrick akapiga: hospitali za nini, sisi tunaenda likizo. Faith akapiga: kwani Patrick ameamua peke yake? Kisha ikaja hoja ya wajukuu, kisha mke wa Patrick, kisha nani alale chumba cha mbele. Kila mmoja alikuwa akinieleza mimi maneno aliyopaswa kumwambia ndugu yake.

Siku moja nikamkatiza Patrick. "Samahani, kaka. Mama mwenyewe anasemaje?"

"Mama? Mama hana shida, Bi Rukia. Mama ni mtu rahisi sana."

Nilikuwa na sababu ya haki ya kumwita mama mwenyewe. Maelezo ya afya sharti atoe msafiri mwenyewe. Akaja na treni kutoka Tooting, amevaa koti zuri la buluu na viatu vya raba, akaketi mbele yangu na mkoba mapajani. Nikamwonyesha picha ya boti. Akaitazama kwa muda.

"Dada, hii iko na jiko?"

"Liko, mama. Dogo, la meko mawili."

"Basi nitapika," akasema. Hakulalamika. Alisema kama mtu anayesoma ratiba ya zamu. "Patrick na Faith watagombana, watoto watasikia njaa, mimi nitapika. Jioni nitaosha."

Nikamuuliza kama hataki kwenda. Akasema anataka, tena sana. Hajawahi kukaa mahali pa maji matulivu bila kengele ya mgonjwa kulia. "Lakini nataka niende pekee yangu. Nataka wiki moja mtu asiniite. Watoto wangu ni wazuri, usinielewe vibaya. Wewe waambie boti imejaa."

Nikamwambia hilo sitalisema. Nikiwadanganya, watatafuta boti nyingine, na jiko litakuwemo. "Waambie mwenyewe, mama. Simu hii hapa. Mimi nitakaa nawe."

Akavua miwani, akaifuta, akampigia Patrick. Nilimsikia akisema polepole, "Nimesema pekee yangu, Patrick. Hapana, sijagonjeka. Hapana, hakuna mtu amenifundisha." Alipomaliza hakulia, aliniomba chai.

Kesho yake Patrick alivunja mpango wote na kumpigia mkuu wa idara. Nikaitwa.

"Rukia, mteja wetu ni nani hapa?" akaniuliza mkuu.

"Yule atakayelala kwenye boti."

"Mteja ni yule aliyeweka nafasi. Hatukukuajiri uingie kwenye familia za watu."

Nikamwambia nimekuwa nikiingizwa humo kwa simu wiki nyingi, na hakuna aliyelalamika mpaka nilipomsikiliza mtu mmoja wa ziada. Hakupendezwa. Akaniondoa kwenye meza ya safari za familia, akanihamishia meza ya malalamiko, mahali ambapo kila barua inaanza kwa maneno "Nimesikitishwa sana". Nilikasirika, nikataka kuacha kazi, lakini wanangu walikuwa bado wanasoma.

Mama Tabitha alirudi ofisini mwenyewe, akachukua kitanda kwenye boti ya kuchangia yenye nahodha, pamoja na walimu wanawake waliostaafu, katika visiwa vidogo vya upande wa magharibi. Aliyempangia ni mwenzangu. Mimi nilisimama nyuma yake nikimwambia apunguze mwendo wa siku ya pili.

Na barua ya Patrick ikaja, ikatua kwenye meza yangu, maana ndiyo iliyokuwa meza ya malalamiko. Alinilalamikia mimi kwangu mimi. Nilitamani kuitupa. Lakini utaratibu unataka umpigie mlalamikaji, nikampigia. Mama yake alikuwa amesharudi.

Nikajitambulisha.

"Nilimpokea uwanja wa ndege, Gatwick," akasema, sauti imeshuka. "Amechomwa na jua, anacheka. Wamemfundisha kushika usukani. Nikamuuliza, Mama, ulitumiss, ulitukumbuka hata kidogo? Akasema hapana."

"Hapana tu?"

"Hapana tu. Akalala kwenye gari mpaka nyumbani. Bi Rukia, mimi nilikuwa nataka kumshukuru. Hiyo tu ndiyo nilikuwa nataka."

"Najua, kaka. Jumapili anapika nani?"

"Yeye. Huwa tunaenda kwake wote."

"Basi Jumapili hii nenda mapema, upike wewe."

Aliifuta barua yake. Sikurudishwa kwenye meza ya familia. Nilibaki na malalamiko mpaka nilipostaafu, na mkuu wa idara hakusema tena neno juu ya jambo lile. Mama Tabitha alikuja mara moja kunisalimia, akaniambia Patrick huchoma chapati na Faith humkosoa, na yeye huketi sebuleni na mlango umefungwa.

Sasa nimekaa nyumbani Rayners Lane. Vijana wa ukoo hunijia wakiuliza kama kazi hii bado ipo. Nawajibu kwamba simu zenu zinajua upepo, ramani na vitanda vilivyobaki, kuliko nilivyojua mimi. Kilichobaki ni kumtafuta yule anayepangiwa safari na hajaulizwa, kumketisha, na kungoja aseme. Mkuu wenu hatawapenda kwa hilo, na wanaolipia watapiga kelele. Mwiteni hata hivyo, na mkishamwita, mpeni kiti kisichoyumba na chai ya moto, mnyamaze.