Kodiani Yangu na Beppe wa Usoke

Kilichonitoa Tabora ni kodiani. Dada yangu Monika alikuwa anaolewa Jumapili, na upande wa bwana harusi, watu wa Nzega, walishatamba kwamba watakuja na wapiga ngoma wao, maana sisi wa mtaa wa Chemchem hatuna hata cha kutikisia bega. Mpiga kodiani wa ukoo ni mimi. Wiki hiyohiyo nikaisahau juani, na nilipoivuta ikakoroma kama mbuzi mwenye mafua. Fundi cherehani wa mtaani akaifungua, akaifunga, akanipa pole. Monika akalia. Ndipo nikasikia kwamba misheni ya Usoke kuna Mtaliano, mateka wa Vita vya Pili vya Dunia aliyeruhusiwa kulima bustani, na kwao alikuwa fundi wa vinanda.

Ijumaa alfajiri nikapanda treni ya Kigoma, kodiani mapajani na kidebe cha asali ya masega miguuni. Mama alisema ugenini mtu haendi mikono mitupu. Njia ile babu zetu waliipita kwa miguu na pembe za ndovu mabegani. Mimi nimekaa, na bado nikalalamika kwamba benchi ni gumu.

Usoke nilimkuta Beppe, ndilo jina lake, kwenye matuta ya nyanya, mwembamba, kofia ya ukindu kichwani.

"Mwangaluka, baba," akaniamkia kwa Kinyamwezi. Nikaduwaa.

"Mwangaluka. Nimekuletea mgonjwa, nilimsahau juani. Harusi ni keshokutwa."

Kodiani hakuigusa. "Kwanza sema *buongiorno*, siku njema. Halafu *come va*, habari yako. Halafu tunakula. Kazi baadaye. *Piano piano*."

Yaani polepole. Roho iliniwaka, lakini mwenye shida ni mimi, nikasema yote.

Saa ya chakula akaleta tambi alizokata mwenyewe kwa kisu, zimerowa rojo la nyanya na kitunguu saumu. Tambi bila sukari! Nikadhani ni dhiki ya ufungwa, nikamhurumia. Nikafungua kidebe, nikamimina asali na masega yake kwenye sahani yake, kisha yangu.

"*Mamma mia!*" Akashika kichwa kwa mikono miwili, akainuka, akatoka. Nikabaki na kodiani bubu, nikiiona harusi ya Monika ikiharibika kwa ukarimu wangu.

Akarudi na kikaango kitupu. "Jua limeyeyusha nta inayoshika vibati vya sauti ndani ya kodiani, vimelegea," akasema, akichota masega kutoka kwenye tambi. "Dawa umekuja nayo mwenyewe, halafu unaimwaga kwenye chakula!"

Tukacheka mpaka mbavu zikauma. Akayeyusha nta ya masega, akashindilia kibati kimoja kimoja, na jioni kodiani ikaimba. Nikamuuliza nimlipe nini.

"Niite," akasema. "Mimi nakwenda kwenye nyanya. Wewe simama mlangoni, sema *A tavola!* Njooni mezani. Mama yangu aliita hivyo kila jioni."

Nikaita.

"Mama hanong'oni!" akafoka kutoka bustanini.

Nikapaza sauti mpaka mbwa wa misheni wakabweka. "*Arrivo!*" akaitikia, nakuja, akaja mbio akifuta mikono kwenye suruali. Akaketi wima kama mtoto anayesubiri kupakuliwa. Nilimwonea huruma sana.

Jumamosi nikarudi nyumbani, na Jumapili wageni wa Nzega walicheza kwa kodiani yetu hadi wakasahau ngoma zao. Monika hakuketi siku nzima.

Vita vilipokwisha, tukasikia Wataliano wanapitishwa Tabora kwenda pwani kupanda meli ya kwao. Nikaenda stesheni. Mabehewa yamejaa, nyuso zote zimekonda vilevile, Beppe simwoni. Nilichojifunza Usoke ni kwamba ukijua mtu anavyoitwa kula kwao, umeshamjua nusu. Basi nikajaza kifua: "*A tavolaaa!*"

Vichwa vikachomoza kila dirisha, wengine wakicheka, wengine wakifuta macho. Treni ikaanza kusogea. Kwenye behewa la mwisho, kofia ya ukindu ikapungwa.

"*Arrivo!*" Beppe akaitikia. "*Arrivo, mamma!*"