Mkalimani Aliyeteremka Mimbarini

Saa mbili asubuhi, benchi la zahanati ya misheni limeshajaa. Ndani, mkalimani amesimama katikati ya watu wawili wasioelewana hata salamu: nesi wa kigeni mwenye glavu mkononi, na bibi kizee aliyejishika kiuno.

"Naumwa hapa tangu juzi," anasema bibi. Mkalimani anayasema hayohayo kwa lugha ya nesi, naye akijishika kiuno. Nesi anajibu.

"Nitakupima mkojo, bibi, usiogope," anatafsiri mkalimani.

"We mtoto, tangu lini umekuwa nesi?" anauliza bibi, na benchi zima linaangua kicheko. Kazi yenyewe ndivyo ilivyo: maneno ni ya mwingine, yeye anayafikisha tu. Mtaani wanamwita Spika.

Lakini Jumapili, kanisani anakotafsiri mahubiri ya mmishenari, siku hizi Spika amezimika. Aliteremka mimbarini mahubiri yakiendelea, na ukisikia sababu, hata wewe ungeteremka.

Siku hiyo kanisa lilikuwa na wageni kutoka kwao mmishenari, wale wanaoichangia misheni. Mmishenari, furaha imemjaa, alimshika mkalimani bega akaanza kusimulia walivyokutana, sentensi moja moja, naye akitafsiri. "Nilimkuta kwenye ngazi za kanisa hili." Akatafsiri. "Alikuwa na njaa, hana kwao." Akatafsiri tena. "Mama yake alikuwa amemtupa."

"Nikalisema na hilo," anasimulia mkalimani, akikunja na kukunjua leso. "Mazoea mabaya haya. Mdomo ulitangulia, akili ikaja nyuma. Kuinua macho, mama huyu hapa, amevaa kitenge chake kipya, ananiangalia."

Wageni wakapiga makofi. Mama akachukua mkoba wake, akatoka. Mkalimani, binti yake, akaweka maikrofoni chini, akamfuata mbio.

Haya, ukweli ni upi? Mama huyo alikuwa dobi wa hospitali katika mji jirani. Mumewe alipofariki, alimwacha binti kwa mama yake mdogo ili asikatishwe masomo. Kila mwisho wa mwezi alirudi kwa basi la jioni, vidole vimechubuka kwa sabuni, mkononi ada ya shule. Basi lilisimama mbele ya kanisa. Binti alikaa kwenye ngazi kumsubiri, akifanya hesabu zake.

Hapo ndipo mmishenari alipomkuta. Akaona mtoto peke yake, hadithi akaimalizia mwenyewe! Miaka yote hii amekunywa chai ya mama huyo na kumwamkia kwa adabu, akidhani ni shangazi fulani aliyejitolea kumlea mtoto aliyetupwa. Hakuuliza hata siku moja, "Siku ile ulikuwa unamngoja nani?" Huko kwao hadithi imezunguka kanisa hadi kanisa, ikivuta machozi na michango. Jamani, huu ni uungwana gani?

Alipoulizwa na mwandishi huyu, mmishenari hakukana. "Niliamini hivyo. Nampenda kama binti yangu," alisema, na aliyetafsiri ni binti huyohuyo. Kisha binti akaongeza la kwake: "Hilo ndilo linaloniudhi. Mimi nina mzazi."

Wazee wa kanisa nao, badala ya kumtetea dobi, wanamsihi mkalimani apoe. "Wageni wameshaondoka, kelele za nini? Zahanati inaendeshwa na michango yao," anasema mmoja. Eti dawa za mtaa mzima zilipiwe kwa kuchafua jina la mwanamke mmoja! Bombani sasa minong'ono ni kuhusu mama aliyetupa mtoto, na wanaonong'ona wanamfahamu tangu ujana wake.

Mama mwenyewe hajakanyaga kanisani tangu siku ile. "Wageni sina haja nao," anasema, akiwa amekaa kitandani. "Kinachonichoma ni kwamba niliisikia kwa sauti ya mwanangu. Lugha hiyo amejifunza kwa ada niliyofulia mashuka ya wagonjwa."

Mmishenari alijitolea kuomba radhi ofisini kwake, kwa kikombe cha chai. Mkalimani alikataa katakata. "Amenitukania mama mbele ya watu, aje aombe radhi mbele ya birika?"

Hatimaye mmishenari amekubali kusimama kanisani Jumapili hii na kuomba radhi. Wazee walishaandaa mkalimani mwingine kutoka kwaya, kijana mpole. Binti akakataa na hilo.

"Huyo atapaka sukari. Nitatafsiri mimi, neno kwa neno, na mama ameahidi kuja," anasema. Anaikunja leso tena. "Akimaliza yeye, maikrofoni siiachii. Nina langu la kusema, na halihitaji kutafsiriwa."

Lipi hilo?

"Mama, nisamehe."