Vanishi mbichi ya baba ilivyomgandisha mshenga wangu

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo marahaba. Mimi ni bibi wa wajukuu sita, sina sababu ya kuwadanganya. Benchi la kisa hiki nimelikalia hapa nikiandika.

Enzi za Ujamaa tulikaa Kariakoo. Baba alikuwa karani, ila mwenyewe akijiona fundi seremala.

Aliposikia mshenga anakuja tena kuniposa, akasema mgeni hakalii kigoda kwake. Akaunda benchi la mninga kwa mkono wake.

Vanishi ilikuwa adimu kama sabuni. Muuza rangi aliyempatia alimwonya: "Mzee, ipe wiki mbili ikomae. Na mvua hizi, ongeza."

Thubutu! Ijumaa kapaka, Jumapili asubuhi kagusa kwa kidole. "Limekauka hili."

Mama akamwambia limekauka juu tu. Akajibiwa aangalie pilau lake.

Alasiri mshenga akaingia, akakalishwa kwenye benchi jipya. Ni mjomba wa Hamisi, yule kijana niliyempenda mpaka nikakonda. Kanzu nyeupe pee, na siku hizo kitambaa mnakijua, foleni tupu.

Mimi niko nyuma ya pazia, nasikiliza.

Baba akaanza maringo yake: "Tutafikiria. Njooni baada ya Idi."

Mshenga akawaka. "Hii mara ya tatu mnatuzungusha! Kaa na binti yako bwana, sisi harudi mtu hapa."

Jamani, nililia palepale. Nimeachika hata sijaolewa!

Mshenga akainuka kwa hasira. Benchi nalo likainuka naye. Akarudi chini, puu!

"Kaa kwanza ndugu yangu," baba akasema, uso umemshuka.

"Nikae mara ngapi? Si umeshanigandisha!"

Mama akaangua kicheko huko jikoni. Mshenga akajizuia, akashindwa, akacheka mpaka machozi.

Tukambandua. Kipande cha kanzu kikabaki kwenye benchi.

Baba akaingia chumbani, akatoka na kanzu yake mpya ya Idi, akampa. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mwambieni kijana alete mahari."

Kwa hiyo wakuu, mnaojitengenezea fanicha nyumbani: kukauka siyo kukomaa. Msiwe na haraka, labda kama mna binti anayesubiri jibu.

Kile kipande bado kipo, wajukuu wanakikwangua kwa kucha. Baba amekufa hajakubali kosa. Mpaka mwisho alisema vanishi ilikuwa kavu, mshenga ndiye alikuwa na jasho.

Haya, na nyie wazee wenu waliwaaibisha vipi? Semeni, nipo nimekaa.