Chungu cha Kijani

Dakta Bertilla alifundisha historia ya sanaa chuo kikuu kwa miaka mingi kabla ya kurudi Sumbawanga kuongoza makumbusho madogo ya Malangali. Wenzake walisema amekwenda kujizika. Yeye alitaka jambo moja tu: vyungu vya pombe ya ulezi vya Ufipa vitambuliwe kuwa sanaa.

Asubuhi ya ufunguzi, shangazi yake Monika alifika kutoka Laela na chungu kikuu cha maonyesho. Bertilla akafungua khanga iliyokifunika. Masizi ya vizazi vitatu, ambayo kitabu chake chote kiliyategemea, yalikuwa yamesuguliwa kwa mchanga. Juu yake ilipakwa rangi ya mafuta, kijani kibichi.

"Ningekuletea chungu cheusi mbele ya wageni, mwanangu?" Monika alisema kwa fahari. "Waseme Wafipa hatuogi?"

Mwenyekiti wa bodi, Ambakisye, alimvuta Bertilla kando. Alimkumbusha kwamba mgeni wa mfuko unaowafadhili yuko njiani, na asiporidhika, milango itafungwa kabla ya mwaka kwisha. Akamtaka atoe chungu kingine stoo na kusema ndicho chenyewe.

"Picha yake iko kwenye kitabu chako tu. Nani amekisoma?"

"Si wewe, mwenyekiti. Na shangazi nimfiche wapi?"

Gari likasimama nje. Ambakisye akanyoosha tai. Bertilla akakiweka chungu cha kijani juu ya meza kuu na kando yake picha yake ya zamani, kikiwa bado cheusi.

Mgeni, Bi Precious, alitazama chungu, akatazama picha. Bertilla akamweleza bila kuzunguka: masizi aliyoyachunguza yamekwisha, na aliyeyaondoa ni mwenye chungu, yule pale, kwa kukiheshimu.

Precious akamwendea Monika, akamwamkia shikamoo, akamuuliza kwa nini kijani.

"Ni rangi iliyobaki kwenye mlango wa kanisa," Monika akajibu. Sauti yake sasa ilikuwa ndogo. "Sikuwa na nyingine ya heshima zaidi."

Precious alirudi mezani, akakigusa chungu kwa ncha ya kidole.

"Mkirudi nacho, mama, kitumieni kupikia pombe," alisema. "Mwakani nikija kuwakagua, nataka nikikute kimeanza kushika masizi."

Ambakisye akaenda mwenyewe kumletea Monika kiti.